Jina la Pili la Nayirah

Tarehe 10 Oktoba 1990, katika ukumbi mmoja wa Bunge la Marekani mjini Washington, binti wa Kikuwaiti mwenye umri wa miaka 15 aliketi mbele ya maikrofoni akatambulishwa kwa jina moja tu: Nayirah. Jina la ukoo lilifichwa. Sababu iliyotolewa iliingia akilini: nchi yake ilikuwa imevamiwa na majeshi ya Saddam Hussein tangu tarehe 2 Agosti, ndugu zake walikuwa bado wamo ndani, na akitajwa kwa jina kamili wangelipiziwa kisasi. Nani angebisha?

Binti akasema alikuwa akijitolea katika hospitali ya Al-Adan. Akasema aliwaona askari wa Iraq wakiingia na bunduki kwenye wodi ya watoto njiti, wakawatoa watoto ndani ya inkubeta, wakazibeba inkubeta, wakawaacha watoto wafie kwenye sakafu ya baridi. Alisema huku analia. Ukiitazama kanda ile leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, ukiwa unajua kila kitu, bado koo linakukaba. Mimi lilinikaba.

Jina lililofichwa lilikuwa Al-Sabah, yaani ukoo unaotawala Kuwait. Baba yake, Saud Nasir Al-Sabah, ndiye aliyekuwa balozi wa Kuwait nchini Marekani. Na waliomwandaa binti kabla hajakaa mbele ya kamera zile walikuwa watumishi wa Hill & Knowlton, wakati huo mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za uhusiano wa umma duniani, waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na kila kinaposimuliwa huwekwa kwenye fungu la uongo wa vita. Mimi nadhani fungu hilo halitoshi. Uongo ni bidhaa rahisi, hata mtaani unaupata bure. Watu hawatoi mamilioni ya dola kununua uongo. Nikiifuatilia historia ya kampuni hizi tangu mwanzo, naona bidhaa moja inayorudi kila kizazi, nayo ndiyo ya bei ghali: kumtenga msemaji na mwenye maneno, ili sisi tunaosikiliza tusijue ni nani hasa anayezungumza.

Kinachochekesha ni kwamba kazi hii ilianza na ahadi ya kinyume chake kabisa.

Ivy Lee alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuhamia upande wa pili, kama wengi tunaowajua. Mwaka 1906, akiwa anawatumikia wenye migodi ya makaa ya mawe huko Pennsylvania, aliwapelekea wahariri tamko fupi la misingi yake. Alisema kazi yake inafanyika hadharani, kwamba haina siri, na kwamba mhariri yeyote akitaka kujua habari aliyopelekewa imetoka kwa nani ataambiwa. Oktoba mwaka huohuo treni ya kampuni tanzu ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Mazoea ya wenye reli yalikuwa kufunga milango na kunyamaza. Lee aliwashauri wafanye kinyume: watoe taarifa ya maandishi, tena wawapeleke waandishi kwenye eneo la ajali. Gazeti la New York Times liliichapa taarifa yake neno kwa neno, na wengi huihesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Kila Jumatatu asubuhi, nikifungua barua pepe ya chumba cha habari na kukuta taarifa 40 zinanisubiri, namkumbuka huyu bwana.

Kwenye ajali ile Lee alistahili sifa. Watu walipata habari ambazo wasingezipata. Lakini haikupita hata miaka kumi. Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, askari wa jimbo pamoja na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya mahema ya wachimbaji waliokuwa kwenye mgomo. Wanawake wawili na watoto 11 walikosa hewa wakafia shimoni chini ya hema lililokuwa likiwaka. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya familia ya Rockefeller, na Rockefeller mdogo akamwajiri Lee. Lee akaanza kutoa vijikaratasi vilivyosambazwa kwa watu mashuhuri nchi nzima, vikieleza eti ukweli wa mambo ya Colorado. Jina lake halikuwamo. Ndani yake mshahara wa mwaka mzima wa viongozi wa chama cha wafanyakazi ulionyeshwa kana kwamba walilipwa kwa wiki tisa tu. Alipoitwa mbele ya tume iliyochunguza mgogoro ule alikiri kwamba hakuhakiki. Takwimu alipewa na kampuni, naye akazipitisha.

Basi ile ahadi ya 1906, kwamba ukiuliza habari ni ya nani utaambiwa, ilikuwa na tundu kubwa. Ilikutaka uulize kwanza. Na nani anauliza, habari ikiwa imekuja imeandikwa vizuri na saa ya kufunga gazeti imekaribia?

John Hill naye alitoka kwenye uandishi. Alifungua ofisi yake Cleveland mwaka 1927, akawahudumia wenye viwanda vya chuma na mabenki. Don Knowlton alijiunga naye miaka michache baadaye, mdororo wa uchumi ulipoiua benki aliyokuwa akiifanyia kazi. Hill akahamia New York, Knowlton akabaki Cleveland, jina likabaki la wote wawili. Hill hakuwa mtu wa makeke. Kwa wote wanaomwelezea alikuwa mtulivu, mwenye adabu, wa suti nzuri, asiyependa kuonekana. Zingatia hilo la kutopenda kuonekana.

Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara za Marekani walikutana kwenye Hoteli ya Plaza, New York. Ni watu waliokuwa wakitafunana sokoni kila siku. Kuwakalisha chumba kimoja kulihitaji hofu kubwa, na hofu ilikuwapo. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill (Hill mwingine, hawana udugu), walikuwa wamechapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Sasa daktari Ernst Wynder na wenzake walikuwa wametoa matokeo ya kuwapaka panya mgongoni utomvu mweusi wa moshi wa sigara hadi wakaota uvimbe wa saratani. Magazeti yaliandika. Bei za hisa zikaanguka. Wenye sigara wakamwita John Hill.

Wateja wake walikuja na mawazo ya kawaida ya wafanyabiashara: tutangaze zaidi, tuwashambulie hao madaktari. Hill akawatuliza. Ushauri wake, kwa jinsi nyaraka zilizokuja kuanikwa mahakamani miongo kadhaa baadaye zinavyouonyesha, ulikuwa kwamba sayansi haipigwi kwa matangazo, inapigwa kwa sayansi. Anzisheni kamati ya utafiti. Na alisisitiza jambo moja kuhusu jina la kamati hiyo: lazima neno "utafiti" liwemo.

Hivyo ikazaliwa Tobacco Industry Research Committee. Tarehe 4 Januari 1954 tamko lake lilichapwa kama tangazo kwenye magazeti zaidi ya 400 siku moja. Lilisema kwa upole kwamba wenye kampuni wanaiweka afya ya watu mbele ya kila kitu katika biashara yao, kwamba wanasayansi hawajaafikiana, kwamba watagharimia utafiti. Ofisi ya kamati ilikuwa kwenye jengo la Empire State, jengo lilelile yalimokuwa makao ya Hill & Knowlton, na kazi zake za kila siku zilifanywa na watumishi wa Hill. Mwanasayansi wa heshima, Clarence Cook Little, akawekwa mbele. Mwandishi akipiga simu kuuliza kuhusu saratani, alikuwa akijibiwa na "kamati ya utafiti". Sauti ilikuwa ya kamati, bili ililipwa na sigara. Kisha mwaka 1964 kamati ilibadilishwa jina ikawa Council for Tobacco Research. Lile neno la "sekta", ambalo angalau lilimpa msomaji makini fununu, likaondolewa.

John Hill mwenyewe alikuwa ameshaacha kuvuta sigara muda mrefu kabla ya mkutano ule wa Plaza, kwa sababu za kiafya.

Sehemu ya kisa hiki inayoniuma ni yetu sisi wa habari. Kamati haikuhitaji kushinda ubishi ule. Ilitosha ubishi uendelee kuonekana upo. Na ilijua sisi tunaishi kwa kanuni gani: ukimpa huyu nafasi, mpe na yule. Watu wa kamati waliwatembelea wahariri na watangazaji, wakaongea nao kistaarabu, wakawakumbusha wajibu wa kusikiliza pande zote. Miongoni mwa waliotembelewa alikuwamo Edward R. Murrow wa CBS, mwandishi aliyeheshimika kuliko wote nchini mwake, yule aliyethubutu kumvaa Seneta McCarthy. Mwaka 1955 Murrow alitoa vipindi viwili kuhusu sigara na saratani. Vilikuwa na mizani safi kabisa: mtafiti wa upande huu, mtafiti wa upande ule, mtazamaji aamue. Murrow alikuwa mvutaji mkubwa. Alikufa kwa saratani ya mapafu Aprili 1965, siku mbili baada ya kutimiza miaka 57.

Simlaumu Murrow. Angekuwa mhariri wangu ningempelekea stori hiyohiyo, yenye pande mbili, na angenipongeza. Kosa halikuwa kuwapa watu wa pande mbili nafasi. Upande mmoja ulivaa koti la maabara ilhali ulikuwa dukani, na hakuna aliyemwambia mtazamaji.

Agosti 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington, katika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600, alisema kampuni kubwa za sigara zilishirikiana kwa miongo mingi kuwadanganya watu, na mwanzo wa ushirika huo ni kile kikao cha Desemba 1953. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita. Hill alishakufa tangu 1977.

Niseme kidogo kuhusu upande mwingine wa kazi hizi, ule wa kuwanoa watu ili wajue kuzungumza na waandishi. Marekani uliota mizizi baada ya mdahalo wa Kennedy na Nixon wa Septemba 1960, ambapo Nixon alikuja amekonda kutokana na ugonjwa, akatokwa jasho mbele ya kamera, na watu wakajifunza kwamba runinga inaangalia uso kuliko hoja. Mwaka 1968 Nixon huyohuyo alikuwa na kijana wa runinga aitwaye Roger Ailes akimpangia kila kitu, na mwaka uliofuata Ailes akafungua kampuni yake mwenyewe. Alikuja kuwanoa Reagan na Bush baba kabla ya kuianzisha Fox News.

Huku kwetu kazi hii ipo, na wanaoifanya wengi ni wenzetu wa zamani. Niliwahi kuitwa na kampuni moja Dar es Salaam kucheza nafasi ya mwandishi mkorofi. Mwanafunzi alikuwa mkuu wa taasisi fulani, mzee wa heshima, mkweli kupita kiasi. Kulikuwa na kamera, taa kali, glasi ya maji. Asubuhi nilimuuliza swali gumu, akasema, "Kwa kweli hilo silijui, nitaangalia." Mkufunzi akasimamisha kamera. Akamfundisha kile wanachokiita daraja: usilikatae swali, lipokee, shukuru, kisha vuka uende kwenye ujumbe wako. Ujumbe usizidi mitatu. Jibu lisizidi sekunde 20, maana mhariri atakata. Neno baya lililomo kwenye swali usilirudie kwa kinywa chako. Nixon alisimama mwaka 1973 akatamka kwamba yeye si mhalifu, na tangu hapo nchi nzima ilikumbuka neno mhalifu. "Kaka, mbane zaidi," mkufunzi akawa ananiambia, nami nikambana. Kufika alasiri mzee alikuwa amebadilika. Kila nilipomgusa aliteleza. Aliingia anajua kusema sijui, akatoka hajui tena.

Nilichokiona siku ile si uovu. Mtu yeyote atakayepigwa taa usoni anahitaji msaada kidogo, na wapo wanyonge ambao wakinolewa vizuri wanaweza kuwatetea wenzao. Mafunzo hayana dhambi. Ila kumbuka kwamba anayenolewa kwa kawaida ndiye mwenye uwezo wa kulipa, na anayemuuliza amelala saa nne na ana stori tatu za kumaliza kabla ya jioni.

Turudi Kuwait, maana huko ndiko vitu vyote viwili, kamati yenye jina la kukopa na msemaji aliyenolewa, vilikutana.

Siku chache tu baada ya uvamizi Hill & Knowlton ilipata mteja mpya aitwaye Citizens for a Free Kuwait, yaani raia wanaotaka Kuwait huru. Hao raia, ukizitazama hesabu zilizowasilishwa kwa serikali ya Marekani kama sheria ya mawakala wa nchi za nje inavyotaka, walichangia wenyewe chini ya dola 18,000. Serikali ya Kuwait ilichangia karibu dola milioni 12. Sehemu kubwa ya fedha hizo, zaidi ya milioni 10, ikaishia Hill & Knowlton. Ofisi ya kampuni mjini Washington iliongozwa na Craig Fuller, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa George Bush wakati Bush akiwa makamu wa rais. Kampuni ya kura za maoni ikapima ni maneno gani yanawagusa Wamarekani. Demokrasia haikuwagusa sana, Kuwait yenyewe haikuwa nayo. Habari za ukatili ziliwagusa.

Kikao cha tarehe 10 Oktoba kilionekana kama cha kamati ya Bunge, na kwenye runinga hutaona tofauti. Kumbe kilikuwa cha kundi la hiari la wabunge wanaojali haki za binadamu, chini ya uenyekiti wa Tom Lantos na John Porter. Tofauti ni ya kisheria, nayo ni kubwa: mbele ya kamati ungeapishwa, na kusema uongo ni kosa la jinai. Mbele ya kundi la hiari hakuna kiapo. Wabunge haohao wawili waliongoza taasisi ya haki za binadamu iliyokuwa na ofisi ndani ya makao ya Hill & Knowlton, kwa kodi iliyopunguzwa. Lantos alijua binti ni nani. Hakuliambia Bunge wala waandishi.

Kampuni ilipiga picha kikao kwa kamera zake, ikahariri kanda, ikazigawia stesheni za runinga zikiwa tayari kurushwa. Ni ile taarifa ya Ivy Lee, safari hii ina picha na machozi. Rais Bush akakirudia kisa cha inkubeta tena na tena. Maseneta wakakitaja kwenye mjadala. Amnesty International, katika ripoti yake ya Desemba, ikakikubali na kutoa idadi ya watoto 312. Tarehe 12 Januari 1991 Seneti iliidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47. Siwezi kusema bila Nayirah kura zingegeuka, na ninawashuku wanaosema hivyo kwa uhakika. Lakini tofauti ilikuwa ya kura tano, hesabu mwenyewe.

Kuwait ilipokombolewa, Machi 1991, mwandishi wa ABC John Martin alifanya kitu cha kizamani kabisa: alikwenda kuuliza. Madaktari wa huko wakamwambia watoto walikufa, ndiyo, na wengi wao kwa kuwa wauguzi na madaktari walikuwa wamekimbia, lakini kisa cha askari kuwatupa sakafuni na kuondoka na inkubeta hawakukithibitisha. Aprili Amnesty ikalifuta dai lake. Kuhusu binti, dunia ilisubiri hadi tarehe 6 Januari 1992, pale John R. MacArthur, mchapishaji wa jarida la Harper's, alipoandika kwenye New York Times kwamba Nayirah ni mtoto wa balozi. Miezi 15 ilikuwa imepita. Vita vilikwisha zamani.

Sipendi jinsi kisa hiki kinavyotumiwa na watu wanaotaka kuisafisha Iraq ya Saddam. Askari wake waliua watu Kuwait, walitesa, walipora, na hospitali ziliporwa pia. Ushahidi wa kweli ulikuwapo, tena wa kutosha. Ila mashahidi wa kweli hawana mpangilio. Wanasahau tarehe, wanarudi nyuma, wanasema "kwa kweli hilo silijui". Kampuni ilitaka shahidi mmoja ambaye kisa chake kingeingia kwenye dakika mbili za taarifa ya habari, ikampata. Baada ya jina la baba yake kujulikana, waliolipia zaidi ni wale Wakuwaiti ambao kweli walipoteza watu. Kila walipofungua kinywa waliulizwa habari za inkubeta.

Jaribu kuiondoa siri ya jina kwenye kisa chote. Mweke binti yuleyule, machozi yaleyale, kisha chini ya picha yake uandike: Nayirah Al-Sabah, binti wa balozi wa Kuwait. Watu wangemsikiliza, wengine wangemwamini. Lakini mwandishi hata wa mwaka wa kwanza angeuliza: uliingia lini nchini, ulitoka lini, nani mwingine alikuwapo wodini? Jina lilipofichwa, maswali hayo yote yalifichwa pamoja nalo.

Barani kwetu mfano unaofahamika zaidi ni Bell Pottinger ya London, iliyoanzishwa na Tim Bell, mtu wa matangazo aliyemsaidia Margaret Thatcher kushinda uchaguzi wa 1979. Mwaka 2016 iliajiriwa na Oakbay, kampuni ya ndugu wa Gupta, matajiri waliokuwa wakituhumiwa kuiteka serikali ya Jacob Zuma nchini Afrika Kusini. Malipo: pauni 100,000 kwa mwezi. Ghafla kila kona ya mjadala kulikuwa na maneno "mtaji hodhi wa wazungu", na akaunti za uongo za Twitter ziliyasambaza na kuwashambulia waandishi waliokuwa wakiwachunguza akina Gupta. Kama ilivyokuwa Kuwait, ukweli ulikuwapo ndani yake. Ukosefu wa usawa Afrika Kusini hauhitaji kampuni ya London kuuvumbua. Kijana wa Soweto aliyeyasema maneno hayo aliyasema kwa uchungu wake mwenyewe, bila kujua nani mwingine anayalipia. Barua pepe za akina Gupta zilipovuja mwaka 2017 mambo yakawa hadharani. Tarehe 4 Septemba chama cha Uingereza cha kampuni za uhusiano wa umma kikaifukuza Bell Pottinger, na siku chache baadaye ikafilisika.

Kenya mwaka huohuo wa 2017 watu walikuwa wakikutana mtandaoni na tovuti na matangazo ya The Real Raila, yenye video iliyoonyesha nchi imegeuka jehanamu iwapo Raila Odinga atashinda. Hayakusema ni ya nani. Uchaguzi ulipokwisha, shirika la Privacy International liliyafuatilia likaeleza kwamba yalikuwa kazi ya kampuni ya Harris Media ya Texas. Machi 2018 Channel 4 ya Uingereza ilimrekodi kwa siri kiongozi mmoja wa Cambridge Analytica akijigamba kwamba walisimamia kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017, kuanzia ilani hadi hotuba. Jubilee kikajibu kuwa kiliilipa kampuni mama, SCL, kwa kazi ya kukitengenezea sura tu. Huenda majigambo yalikuwa ya kuvutia wateja. Watu hao nao huuza. Lakini mpiga kura wa Kisumu au Kiambu hakupata kuambiwa chochote kati ya hayo kabla hajapanga foleni.

Hill & Knowlton yenyewe haikudhurika na habari ya Nayirah kwa kiasi ambacho ungetarajia. Ilikuwa imeshanunuliwa na J. Walter Thompson mwaka 1980, ambayo nayo ilinunuliwa na WPP mwaka 1987, na iliendelea kupata wateja. Mwaka 2022 Misri iliiajiri kwenye mkutano wa tabianchi wa COP27 uliofanyika Sharm el-Sheikh, huku wanasayansi wakilalamika kwamba kampuni hiyo inawahudumia pia wenye mafuta. Julai 2024 WPP iliiunganisha na kampuni nyingine ya kazi hizohizo, na jina la Hill & Knowlton likaondolewa baada ya karibu karne nzima. Haikufungwa. Kibao cha mlangoni sasa kinasomeka Burson.